JANGWA LINA ADABU YA MAJI. SISI WA ZIWANI JE?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Darsa ya leo ni ndefu kidogo. Kama huna nafasi sasa hivi, ihifadhi uisome ukishaswali Isha. Naandika nikiwa hapa Mwanga, Kigoma, mahali ambapo ukiteremka tu unakutana na Ziwa Tanganyika. Na mada yangu ni jangwa.

Najua utaniuliza: "Sheikh, jangwa linatuhusu nini sisi? Tuna ziwa la zaidi ya kilomita 650 kwa urefu, kina chake kinazidi mita 1,400, linagusa nchi nne. Tuna mto Malagarasi, tuna michikichi, tuna mvua. Jangwa ni la Waarabu huko."

Ndugu yangu, dini yako ilishuka kwa watu wa nchi kavu. Hukumu za maji unazozisoma, za udhu, za kisima, za malisho, za jirani na mfereji, zilifundishwa kwanza kwa watu waliojua kiu ni nini. Walikuwa na maji kidogo, lakini waliishi, wakaoa, wakazaa, wakalima tende, wakajenga miji. Sisi tuna maji mengi, na kila mwaka tunalalamika samaki wamepungua, milima imekuwa mitupu, mvua ikinyesha inatuletea matope.

Hoja yangu leo ni moja, ishike mpaka mwisho: watu wa jangwani wameishi kwa sababu walijiwekea KIPIMO na ZAMU. Sisi tumepewa wingi, tukadhani wingi hauhitaji kipimo. Na hapo ndipo tunapopotea.

Fungua msahafu, Suratul Mu'minun, aya ya 18. Allah anatueleza kwamba maji ya mbinguni ameyateremsha kwa kipimo, akayatuliza ardhini, na kwamba kuyaondoa pia anaweza. Zingatia mambo matatu hayo: yameletwa kwa kipimo, yamehifadhiwa, na yanaweza kuondolewa. Aya hii inasomwa Makka na inasomwa Ujiji. Haikusema kwamba walio kando ya ziwa wamesamehewa.

1. MTAZAME NGAMIA

Katika Suratul Ghashiya, Allah anawauliza watu kama hawamtazami ngamia alivyoumbwa. Wengi wetu aya hii tunaipita haraka kwa sababu ngamia hatuna. Basi leo tumtazame.

Watu husema nundu ya ngamia ni tangi la maji. Si kweli. Nundu ni mafuta, ni akiba ya chakula. Siri yake ya maji iko kwingine. Ngamia anaweza kupoteza karibu robo ya uzito wa mwili wake kwa kukosa maji na bado akatembea. Mwanadamu hafiki huko akiwa hai. Akikuta kisima anaweza kunywa lita 100 na zaidi kwa muda wa dakika kumi hivi, na damu yake inastahimili mafuriko hayo ya ghafla.

Joto la mwili wake nalo halifanani na letu. Mimi na wewe tukipanda nyuzi mbili tu tunakimbilia zahanati. Ngamia alfajiri anaweza kuwa na nyuzi 34, na alasiri akazidi 40, naye hajali. Anauacha mwili upate joto mchana ili asitoe jasho, kisha usiku wa baridi anaupoza. Jasho kwake ni maji, na maji hayamwagi ovyo. Hata pumzi yake ikitoka, pua yake inanasa sehemu ya unyevunyevu na kuurudisha mwilini.

Umeona? Ngamia hakuumbiwa maji mengi. Kaumbiwa namna ya kutopoteza maji.

Uutazame na mti. Huko Oman na Emirates kuna mti uitwao ghafu. Juu ya mchanga unauona mti wa kawaida tu, lakini mizizi yake inaweza kuteremka hadi mita 30 kutafuta unyevu. Mtende nao watu wa huko husema miguu yake iko majini na kichwa chake kiko motoni. Chini ya kivuli chake wanapanda ndimu, na chini ya ndimu wanapanda majani ya mifugo. Mti mmoja wenye subira unaviwezesha vingine viwili kuishi.

2. WATAZAME WATU: MAJI YA OMAN

Hapa Kigoma na Ujiji wengi tuna ndugu au jamaa Oman. Uhusiano huu ni wa zamani. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wameshatangulia kwa njia ya Tabora. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba pia watu waliotiwa utumwani. Hilo hatulifichi wala hatulipambi. Lakini damu imeshachanganyika, na leo ukitembea Muscat au Nizwa utasikia Kiswahili kinazungumzwa majumbani. Basi ukiwa na jamaa huko, siku moja mwambie akupigie video ya kitu kinachoitwa falaji.

Falaji ni mfereji. Wahenga wa Oman walichimba kisima kirefu chini ya mlima, mahali maji ya mvua chache yanapojikusanya ardhini. Kisha wakachimba njia chini kwa chini, yenye mteremko mdogo sana, kilomita kadhaa, mpaka maji yakatokea yenyewe kijijini. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna dizeli. Kwa sababu yanapita chini ya ardhi, jua haliyakaushi njiani. Falaji zipatazo 3,000 zinatumika Oman mpaka sasa, na mwaka 2006 tano kati yake, ikiwemo Falaj Daris ya Nizwa, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini kinachonistaajabisha zaidi ni makubaliano yanayosimama juu ya mfereji ule. Maji yakitokea, mahali pa kwanza ni pa kunywa, kila mtu anachota bure, mwenyeji na msafiri. Kisha msikiti na udhu. Kisha kuogea na kufulia. Baada ya hapo ndipo yanaingia mashambani, na huko yanagawanywa kwa muda: wewe una nusu saa, yule ana saa, yule mwingine zamu yake ni usiku. Kabla ya saa za mkono walipima zamu kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Kuna msimamizi anayeheshimiwa, na kuna fungu la maji linalotolewa kwa ajili ya msikiti na matengenezo.

Na mwaka wa ukame wanafanya nini? Mashamba ya msimu ndiyo yanayopunguzwa kwanza, mitende inabakishiwa maji. Mboga ukiikosa mwaka huu utaipanda mwakani. Mtende ukifa umepoteza kazi ya miaka mingi.

Jambo hili lina mizizi katika Sunna. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Zubayr na jirani yake wa Kiansari waliogombana Madina juu ya mfereji wa kumwagilia mitende. Mtume (S.A.W) alimwambia Zubayr amwagilie kisha ayaachie maji yaende kwa jirani yake. Aliye juu ya mfereji asimfungie aliye chini. Na kabla ya hapo, kaumu ya Thamud walipewa mtihani wa zamu: siku moja maji ni ya ngamia wa Nabii Salih, siku nyingine ni yao. Hawakuvumilia zamu, wakamchinja ngamia. Unajua mwisho wao.

Karibu nasi zaidi, kaskazini mwa Kenya, kuna jangwa la Chalbi katika kaunti ya Marsabit. Huko wanaishi Wagabra, wafugaji wa ngamia. Mwenye ngamia wengi humkabidhi ndugu asiye na kitu ngamia jike. Maziwa anakunywa aliyekabidhiwa, ngamia anabaki mali ya mwenyewe. Masikini kapata chakula, na tajiri naye kaigawa hatari, maana ukame ukipiga upande mmoja si ngamia wake wote walioko upande huo. Mvua za eneo hilo zilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Katika hali kama hiyo, undugu wa namna hii ndio ghala. Na Mtume (S.A.W) aliisifu sana sadaka ya aina hii, ya kumpa mtu mnyama anyonye maziwa yake kisha amrudishe. Wanazuoni wanaiita maniha.

3. JANGWA HALIKUMUUA, BINADAMU ALIMUUA

Sikiliza kisa hiki, kina onyo ndani yake.

Katika majangwa ya Arabuni kulikuwa na mnyama aitwaye choroa mweupe. Ni wa jamii ya swala, mweupe pe, mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Mnyama huyu aliweza kukaa muda mrefu bila kunywa maji, akijitosheleza kwa umande na unyevu wa majani anayokula. Jua kali na ukame wa vizazi na vizazi vyote alivistahimili.

Kisha likaja gari na bunduki. Watu wakawa wanamfukuza jangwani kwa magari, wanampiga risasi kwa mchezo tu. Kufikia mwaka 1972 choroa mweupe aliyekuwa huru porini alikuwa ametoweka. Aliyestahimili jangwa hakuistahimili starehe ya mwanadamu.

Alhamdulillah, wachache walikuwa wamehifadhiwa, wakazalishwa, na mwaka 1982 wakarudishwa porini katika jangwa la Oman. Mwaka 1994 eneo lao likaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini ujangili ukarudi, na baadaye eneo la hifadhi likapunguzwa kwa asilimia 90. Mwaka 2007 likaondolewa katika orodha ile, likawa eneo la kwanza duniani kufutwa.

Natoa mfano wa Oman ileile niliyoisifu juu ya falaji, ili usidhani nawasifu Waarabu kwa sababu ni Waarabu. Penye kipimo, jangwa liliwalea watu. Kilipovunjwa, hata kiumbe aliyelizoea jangwa aliangamia. Sheria ya Allah katika viumbe vyake haimwangalii mtu usoni.

4. SASA TULIANGALIE ZIWA LETU

Turudi nyumbani. Tunaposema ziwa letu lina kina cha zaidi ya mita 1,400, tunajisikia matajiri. Lakini jua kwamba sehemu kubwa ya kina hicho haina hewa ya oksijeni. Samaki wanaishi katika tabaka la juu tu, mita kama 100 upande wa kaskazini, na kama 200 hivi upande wa kusini. Huko chini zaidi mgebuka hawezi kuishi, wala dagaa. Kwa hiyo ziwa letu lina jangwa lake chini ya maji. Chakula chetu chote kinatoka katika utando wa juu.

Utando huo unalishwa vipi? Kila kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu. Wavuvi mnaujua. Upepo ule unayasukuma maji ya juu, maji ya chini yenye rutuba yanapanda, vijimea vya majini vinastawi, dagaa wanapata chakula, na migebuka wanapata dagaa. Ni Allah analima ziwa kwa upepo.

Lakini watafiti waliolichunguza ziwa hili wameona kwamba maji ya juu yamepata joto kuliko zamani. Maji ya moto yanaelea juu ya ya baridi, na upepo unashindwa kuyachanganya kama ulivyokuwa unafanya. Rutuba inabaki chini. Hapo hapo sisi tumeongeza mitumbwi, tumeongeza taa, tumeingiza nyavu za macho madogo na makokoro yanayokomba hata watoto wa samaki. Tabaka ni jembamba, chakula kimepungua, na wakombaji tumeongezeka. Halafu tunauliza samaki wamekwenda wapi!

Milima nayo. Miaka ya 1990 mwanzoni Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliruka na ndege juu ya Gombe, kaskazini mwa mji wetu. Ndani ya hifadhi aliona msitu. Nje ya mpaka aliona vilima vitupu. Watu walikata kwa sababu walikuwa na njaa ya ardhi na kuni. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE katika vijiji vya kando ya ziwa, na wanakijiji walipokubaliana kuyaacha baadhi ya maeneo yapumzike, visiki vilichipua vyenyewe. Ardhi bado ina rehema, ukiipa nafasi.

Mlima ukiwa mtupu, mvua haiingii ardhini. Inateremka na udongo wote, inaumwaga ziwani, inafunika mawe ya pwani ambako samaki wengi wadogo wanazalia. Chemchemi inakauka kiangazi, na mafuriko yanakuja masika. Mwenye mvua nyingi na mlima mtupu anafanana na mtu wa jangwani asiye na falaji: maji anayaona yanapita tu.

5. HIMA: KUFUNGA ILI KIPONE

Hapa kuna jambo linalozungumzwa sana mialoni, Kibirizi, Katonga na Ujiji, na nataka nilisemee kwa uwazi.

Nchi nne za ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Congo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Wapo waliosema hayo ni mambo ya wazungu. Wapo waliosema riziki ya Allah haifungwi kwa amri.

Ndugu yangu, Mtume (S.A.W) mwenyewe aliweka hima. Hima ni eneo la malisho linalozuiwa lisitumiwe ovyo, kwa maslahi ya wote. Katika Sahih Bukhari imepokewa kwamba alilizuia eneo la an-Naqi', na Umar (R.A) baada yake akazuia maeneo mengine. Katika nchi kavu, nyasi zikiliwa mpaka mzizi hazirudi. Zikiachwa zikapumua, zinalisha wengi zaidi. Kwa hiyo kulipumzisha ziwa, kwa msingi wake, kuna mfano katika sharia. Hata wewe mvuvi unapumzika siku za mbalamwezi, kwa sababu taa yako haiwezi kushindana na mwezi. Hukusema siku hizo Allah kakufungia riziki. Dagaa anakua haraka na kuzaa haraka. Ukimpa miezi mitatu, unampa nafasi kubwa.

Lakini sikiliza upande wa pili, wenye mamlaka nao wasikilize. Umar alipomweka mtu wake aitwaye Hunayy kuisimamia hima, alimwagiza kitu gani? Alimwambia awaruhusu wenye ngamia wachache na mbuzi wachache waingie, na ajihadhari na mifugo ya akina Ibn Awf na Ibn Affan. Hao walikuwa maswahaba watukufu, lakini matajiri. Umar akaeleza sababu: tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba na mitende ya kurejea, masikini ikifa atakuja mlangoni na watoto wake wakilia, na kuwaruzuku kutagharimu dhahabu na fedha, wakati maji na nyasi ni nafuu zaidi.

Allahu Akbar! Huo ndio uongozi wa mtu wa jangwani. Alifunga, na alipofunga aliuliza nani ataumia kwanza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kulifunga ziwa ni jambo sahihi, na anayeingia usiku kwa kujificha anakula haki ya wenzake waliovumilia. Lakini hima isiyomtazama mama anayeanika dagaa mchangani, ambaye hana shamba wala duka, imechukua nusu ya Sunna ikaacha nusu. Kufunga ziwa bila kumwandalia huyu ni kumwacha alipie peke yake neema ambayo sote tutaila.

6. TUFANYE NINI?

Sitaki uondoke hapa ukisema "mashallah, darsa nzuri" kisha basi. Chukua haya manne.

Kwanza, udhu wako. Anas (R.A) amesimulia, na Bukhari na Muslim wamepokea, kwamba Mtume (S.A.W) alikuwa akitawadha kwa mudd moja na kuoga kwa swaa moja hadi mudd tano. Mudd ni kama theluthi mbili za lita, inakaribia chupa ndogo ya maji ya dukani. Jaribu leo. Jaza chupa hiyo, utawadhe nayo udhu kamili. Utaona inawezekana. Kisha kesho angalia msikitini bomba linavyoachwa wazi tangu mtu anapokunja mikono mpaka anapomaliza miguu, wakati kuna mitaa ya mlimani mama anabeba ndoo kichwani huku ziwa analiona kwa macho. Israfu haihalalishwi na ukaribu wa ziwa.

Pili, panda mti wenye subira. Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, anachokula humo mtu, ndege au mnyama kinaandikwa sadaka kwake. Na akatuhimiza tupande hata kama Kiyama kimekaribia na mche uko mkononi. Ile miembe mikubwa ya Ujiji tunayokaa kivulini mwake, waliotutangulia ndio walioipanda. Kila msikiti hapa mjini uwe na kitalu kidogo. Kila ndoa ikifungwa, maharusi wapande miche miwili. Haigharimu kama mapambo ya ukumbi.

Tatu, mfuko wa miezi mitatu. Nyie wenye mitumbwi na injini, wenye maduka hapa Mwanga, na nyie mlioko Dar es Salaam, Muscat na Ulaya: ziwa likifungwa, ndipo sadaka inapohitajika hapa. Fanyeni kama Wagabra. Usimpe mtu kilo ya unga ikaisha. Mpe mbuzi wa maziwa kwa msimu, mpe cherehani atumie kisha arudishe, mkopeshe mtaji bila riba. Hiyo ndiyo maniha ya watu wa ziwani.

Nne, zamu na kipimo vianzie nyumbani. Usinunue samaki wachanga. Mvuvi anavua kinachouzika. Ukikataa wewe na mimi na jirani, kokoro litakosa kazi. Na mtu wa mwalo wako akivunja makubaliano, mwambie kwa hekima, wewe unayemjua. Falaji za Oman zimedumu kwa sababu jirani alikuwa hakubali jirani aibe zamu.

MWISHO

Ndugu yangu, kuna watu Allah aliwapa bustani mbili, kuume na kushoto, katika nchi kavu ya Yemen. Ni kaumu ya Saba. Waliambiwa wale riziki ya Mola wao na wamshukuru. Wakapuuza. Bwawa likabomoka, na mahali pa bustani pakabaki miti ya matunda machungu na mikunazi michache. Kisome kisa chao katika Suratu Saba. Hawakuanza katika jangwa. Walianza katika neema, na jangwa likawafuata.

Sisi bado tuko katika bustani. Ziwa lipo, mvua zipo, visiki bado vinachipua. Anayeishi pasipo na maji amejifunza kushukuru kwa vitendo: anapima, anagawa, anapanda, anamwachia wa chini yake. Shukrani ya ulimi kila mmoja anaiweza. Tuombe Allah atupe na ile ya mikono.

Ewe Mola, tubarikie ziwa letu na milima yetu. Warehemu wavuvi wetu wanapokuwa majini na wanapokuwa nchi kavu. Wape mvua yenye manufaa ndugu zetu wa nchi kavu, Marsabit na kwingineko. Utujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikia neno wakafuata lililo bora yake. Amin.

Msomee na mzee wako au mama yako asiye na simu. Ukiwa na swali, andika hapa chini, tutajibizana kwa adabu inshaallah. Sambaza, huenda mtu mmoja akafunga bomba kwa sababu yako ukaandikiwa thawabu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanga, Kigoma.